Kasha Hupumzishwa Kwanza

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, na chini yake nafasi ya sahihi. "Kasha namba 212 limepimwa kwa kufuata utaratibu, limekutwa zima, halina ufa wala halivuji." Skolastika Nyagawa, mkaguzi mkuu wa ubora wa makasha katika kituo cha Makambako, aliisoma mara mbili akitafuta uongo, asiupate. Kasha lile alilipima kwa mikono yake mwenyewe, na mshale wa mashine haukunyanyuka hata kidogo. Ila ukweli huo, ukishatiwa sahihi, ulikuwa unakwenda kumfunga mtu.

"Weka jina hapo, Mama Nyagawa. Tume inakaa keshokutwa," alisema Mhandisi Rweyongeza, mkurugenzi wa kituo. Hakuketi. Ndiyo kawaida yake akitaka jambo liishe upesi.

"Na Otmari?"

"Otmari ameyataka mwenyewe."

Otmari Komba alikuwa dereva wa lori la makasha, na siku sita zilizopita alikwenda kunywa chai upande wa pili wa reli. Watu wa reli walikuwa wamefunga lango jipya la kupima mionzi, na lango hilo, tofauti na mashine zote za kituo, lilipima hata binadamu. Otmari alipopita likapiga kelele. Akavua koti, likapiga kelele. Akavua mkanda na viatu, akabaki na soksi mbele ya wauza maandazi, bado likapiga kelele. Kilicholia ilikuwa shingo yake.

Shirika la Ngozihai, wenye makasha, halikuchukua hata siku mbili kupata jibu. Kasha 212 alilolileta ni zima, dereva ana mionzi; basi dereva alilifungua kasha njiani. Sababu nayo wakaipata: mitaani kuna wajinga wanaoamini kwamba ngozi ya kuvu iliyo ndani ya makasha, ikikaushwa na kusagwa, hutibu saratani, na kuna wajanja wa kuwauzia. Kwa hiyo Otmari alikuwa amefungiwa katika zahanati ya kituo, askari mlangoni. Na kwa kuwa sheria ilisema aliyeumia kazini atibiwe na shirika, lakini aliyeumia akiiba ajitibu, hakuna aliyempeleka hospitali kubwa. Daktari wa zahanati alisema wazi kwamba tezi ya shingo inaungua siku hadi siku. Walikuwa wanasubiri sahihi ya Skolastika.

"Niachie mpaka kesho," alisema.

"Kuna nini cha kuacha? Si umepima mwenyewe?"

"Nimepima. Niachie mpaka kesho."

Rweyongeza aliitazama saa yake, akatoka bila kuaga.

Hayo makasha yenyewe yalikuwa fahari ya nchi. Tangu kila wilaya ipate jiko lake la atomu, dogo kama nyumba ya vyumba vitatu, chumvi inayoliendesha, ikishatumika, ilibidi ichotwe ingali moto na kusafirishwa hadi Makambako, ipande treni kwenda kusafishwa. Zamani ilibebwa kwa makasha ya chuma na risasi, mazito kiasi kwamba madaraja ya Nyanda za Juu yalikuwa yanalalamika. Ngozihai wakaja na kasha jepesi lenye ngozi hai ndani yake: kuvu nyeusi inayokula mionzi kama mbuzi anavyokula majani, na inayoziba ufa kwa kuota, kama kidonda kinavyoota nyama. Kasha la mfano lilidondoshwa kutoka mita tisa juu ya bamba la chuma, likachomwa moto nusu saa, likazamishwa kwenye kisima. Wiki moja baadaye lilikuwa zima kuliko lilivyoingia. Wakaguzi walipiga makofi, na Skolastika alikuwa mmojawapo.

*

Askari wa zahanati alimruhusu kwa sababu ya koti lake jeupe. Otmari alikuwa ameketi kitandani, blanketi mabegani, shingo imevimba upande mmoja. Kumbe alikuwa mtu mnene mwenye uso wa utani. Skolastika alikuwa akimwona miaka yote kwa mbali, nyuma ya kioo cha lori.

"Pole sana, kaka Otmari."

"Pole ya ugonjwa, Mama Mkaguzi, au pole ya wizi?" Sauti ilikuwa imekwaruza.

Skolastika alisogeza stuli. Alitoa mfukoni kipimo chake kidogo, akamwomba mikono. Akakipitisha kwenye kucha, moja moja. Kimya. Akapitisha kwenye nywele, masikioni, puani. Kimya. Akapandisha hadi shingoni, kikalia kama birika linalochemka.

Alikaa kwenye stuli. Chumvi ya jiko la atomu hunata kuliko utomvu wa fenesi. Ukiigusa leo, unakuwa nayo kwenye kucha mwezi mzima hata ujisugue kwa jivu. Mtu aliyefungua kasha na kubandua ngozi hawezi kuwa na kucha safi. Lakini ndani ya chumvi hiyo mna aidini, ndugu wa ile inayotiwa kwenye chumvi ya kula, ila hii ina mionzi, na huruka kama mvuke. Mwili hauna macho ya kuwatofautisha. Huipokea yote na kuihifadhi shingoni.

"Hukuigusa chumvi," alisema polepole. "Umeivuta."

"Nimesema tangu siku ya kwanza. Nani ananisikia? Kipimo cha kabini, kile kinachobadilika rangi kikiona mionzi, kilikuwa cheusi tukiwa hatujafika hata Njombe. Wakaniambia nilikibandika kwenye mfuniko wa kasha."

"Hewa ya kabini inatoka wapi?"

"Si ile ile ya mzigo? Kuvu yenu haipendi baridi. Hita ni moja. Joto linatoka kwangu linakwenda kwa kasha, likitoka kwa kasha linarudi kwangu. Juni hii kule Makete asubuhi majani yana barafu, Mama, ukifungua kioo unakufa. Nafunga vyote, tunavuta hewa moja, mimi na yeye, saa tano barabarani." Akakohoa, akafuta midomo. "Barabara yenyewe unaijua. Nikifika hapa hata meno yanacheza. Kasha linapokelewa, linafunikwa blanketi, linanyunyiziwa maji ya uvuguvugu, linaachwa lipumzike siku nzima ndipo mlipime. Mimi nageuza lori saa ile ile, narudi. Miaka tisa sasa. Hebu niambie, kati yangu na lile kasha, aliyechoka ni nani?"

Alikuwa anatania. Skolastika alianza kucheka, akakoma. Alisimama ghafla mpaka stuli ikaanguka.

"Nimekosea neno?" Otmari aliuliza.

"Hapana, kaka. Hujakosea wewe."

*

Utaratibu Namba Kumi na Nne ulikuwa umebandikwa ukutani kwenye ukumbi wa vipimo, ndani ya kioo, kama picha ya rais. "Kasha linalotoka safarini lipumzishwe saa ishirini na nne kabla ya kupimwa." Chini yake kulikuwa na sahihi ya aliyeutunga. Skolastika hakuhitaji kusogea kuisoma.

Alikuwa mkaguzi mgeni wakati huo. Makasha mapya yalipoanza kuja, mshale ulikuwa unacheza. Kasha moja kati ya kila tisa lilikataliwa. Ngozihai walilalamika kwamba mashine ni mbovu, kwamba mtikisiko wa safari unaivuruga, na wakuu wakaja juu. Kikaoni hapo Skolastika akanyoosha mkono. Alikuwa mtoto wa Kibena, amelelewa kujua kwamba mgeni haulizwi habari akiwa mlangoni na mzigo kichwani. Hupewa maji, akaketi, akapumua. Akasema, "Tulipumzishe kwanza, ndipo tuliulize." Watu wakacheka, wakaipenda. Wakajaribu, mshale ukatulia. Baada ya hapo halikukataliwa kasha hata moja. Ikawa desturi: anayelipokea hulifunika blanketi na kulikaribisha kwa sauti, na wageni kutoka wizarani waliletwa kuitazama, wakapiga picha, wakasema hawa ndio wataalamu wetu wa kweli, sayansi yao ina utu. Yeye akapewa cheti na cheo.

Sasa alisimama mbele ya kioo kile. Mashine haikuwa mbovu hata siku moja. Ilisema kweli, na yeye akaifundisha adabu. Kuvu ilikuwa inachanika barabarani kwa mtikisiko na baridi, inavujisha kwenye pua ya dereva, kisha ikipewa joto, maji na utulivu inajishona, na wao wanakuja kesho yake na mashine zao zilizosafishwa na kulikuta limepona. Kila cheti kilichotoka kituoni hapo kilikuwa cha kweli na hakikuwa na maana yoyote. Hasira ilimpanda, akashindwa kujua aanze kumkasirikia nani, basi akaanza na mwenye sahihi.

*

Siku ya pili, saa nne asubuhi, lori la Ludewa lilipoingia, Skolastika alikuwa getini. Pamoja naye alikuwa Hawaiju Chande, fundi mitambo wa vipimo, mwanamke wa Lindi aliyehamia baridi hiyo miaka ishirini iliyopita na hajawahi kuacha kuilaani.

"Injini izimwe, mtu asilishushe," Skolastika aliamuru. "Dereva, teremka, kaa upande ule upepo unakotoka."

"Dada Skola, blanketi je?" Hawaiju aliuliza.

"Hakuna blanketi leo."

"Ala! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata siku ya kwanza hajamaliza, unampa jembe?"

Walilizungushia kasha 187 turubai la plastiki palepale kwenye lori, wakafunga kingo kwa gundi, wakaingiza mpira wa kuvuta hewa. Hewa ilipita kwenye chujio la mkaa, kwa sababu mkaa huikamata aidini, na baada ya dakika kumi chujio likawekwa kwenye mashine. Siku ya kawaida, hewa ya Makambako hutoa mapigo ishirini kwa dakika. Mashine ilihesabu, ikahesabu, Hawaiju akaigonga ubavuni akidhani imekwama.

Mapigo elfu nne na mia tatu.

"Mashine imeharibika?" Hawaiju alinong'ona.

"Badilisha chujio. Rudia."

Wakarudia. Elfu nne na mia moja. Skolastika alichukua lebo nyekundu, akaifunga kwenye kasha. Lebo ile ilikuwa ndiyo nguvu pekee ya mkaguzi: kasha lenye lebo nyekundu haliendi popote, na kwa sheria hakuna mkubwa anayeweza kuitoa isipokuwa aliyeifunga. Tangu utaratibu wa kupumzisha uanze hakuwahi kuitumia. Ilimbidi apulize vumbi.

Wakalishusha, wakalifunika, wakalinyunyizia maji kama siku zote. Kila baada ya saa moja walipima tena, wamekaa kwenye vibao vyao, chai inapoa. Elfu tatu. Elfu moja na mia nane. Mia tisa. Mia moja na arobaini. Ilipofika saa kumi na moja jioni, muda wa saa saba tu tangu lifike, mashine ilisoma ishirini na mbili.

"Limepona mbele ya macho yetu," alisema Hawaiju. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Dada Skola, na sisi tulikuwa tunalisubiri lipone ndipo tulipime. Yaani hata mtoto wa shule ya msingi asingefanya hivi."

"Andika namba zote na saa zake. Andika na majina yetu."

*

Mhandisi Rweyongeza alimkuta kesho yake asubuhi anafunga lebo ya tano. Tume ilikuwa inakaa saa nane mchana. Alifunga mlango wa ukumbi nyuma yake, na safari hii akaketi.

"Nani mwingine ameona?"

Skolastika aligeuka. "Mhandisi, mtu asiyejua angeuliza nimeona nini."

Rweyongeza alishusha pumzi. Hakuwa mtu wa kukana sana. Alikuwa amechoka, na labda aliona hakuna haja. "Ngozihai walituandikia miaka minne iliyopita. Mvujo mdogo, wakati wa safari tu. Walisema ni kiwango kinachovumilika."

"Kinavumilika na nani?"

"Mama Nyagawa, nisikilize. Majiko ya wilaya thelathini na nane. Chumvi isipobebwa siku tano, jiko linajizima lenyewe. Makasha ya chuma yamebaki sita nchi nzima, na kuyafikisha ni wiki tatu. Unajua Makete mwezi huu. Watoto njiti wako kwenye mashine za joto. Wazee wanapumua kwa umeme. Ukifunga lebo makasha yote, utazima wangapi kwa ajili ya shingo ya mtu mmoja?"

Hapo alikuwa amemgusa. Juni iliyopita mama yake Skolastika alilazwa Makete, akapumua kwa mashine siku tisa, na Skolastika alikaa pembeni akiisikiliza ile mashine, akiomba isinyamaze. Hakuwa mjinga, alijua jiko likizimika si hadithi ya kutishia watoto.

"Na kuna jingine," Rweyongeza aliendelea, kwa upole sasa. "Utaratibu Namba Kumi na Nne una sahihi ya nani? Si yangu. Wala si ya Ngozihai. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tia sahihi ile karatasi. Mwezi ujao tutabadilisha upimaji kimyakimya, hita tutazitenganisha, na Otmari, baada ya mwaka hivi, nitazungumza na watu, atatoka."

"Baada ya mwaka atatoka wapi? Kaburini?"

"Usikuze mambo."

"Nikuze?" Sauti yake ilipanda mpaka Hawaiju, aliyekuwa upande wa pili wa mlango, akaacha kazi. "Miaka minne umejua! Miaka minne unawaona wanaingia getini asubuhi wamefunga vioo, unawapungia mkono! Mkuki kwa nguruwe, siyo? Ungekuwa mwanao yule ndani ya kabini, ungeniambia mvujo mdogo?"

"Nilikuwa nalinda umeme wa watu."

"Basi ulinde kwa kuwaambia! Waambie madereva leo hii. Watavaa vichujio vya mkaa usoni. Watafungua vioo, wavae makoti mawili. Watakwenda mwendo wa jongoo ili ngozi isichanike. Atakayekubali aende, atakayekataa akatae. Chumvi itafika, itachelewa lakini itafika."

"Ukiwaambia, hakuna hata mmoja atakayepanda lori."

Skolastika alimwangalia kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Kwa hiyo jibu lao ulikuwa unalijua," alisema. "Ndiyo maana hukuwauliza."

Rweyongeza alisimama, akanyoosha koti lake. "Utafungwa wewe, mama. Si mimi."

"Najua," alijibu, na alikuwa anajua kweli. Akachukua lebo ya sita.

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa chama cha ushirika, mbele meza yenye kitambaa cha kijani, nyuma madereva waliojazana mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Bi. Mwamini Lukindo, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani na subira. Otmari aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, askari pembeni yake, shingo imefungwa kitambaa.

Mwanasheria wa Ngozihai aliomba karatasi ya mistari minne. Skolastika alisema ipo, haina sahihi, na haitakuwa nayo. Kisha akazungumza. Alieleza kucha safi na shingo inayolia. Alieleza hita moja. Alisoma namba za kasha 187 saa kwa saa, elfu nne na mia tatu hadi ishirini na mbili, na za makasha mengine matano yaliyofika asubuhi ile, yote yakivuja kama chungio. Dereva mmoja dirishani akashika shingo yake mwenyewe, na wengine wakamfuata, kila mtu akijipapasa.

"Huu utaratibu wa kupumzisha makasha," aliuliza Bi. Lukindo, "umetungwa na nani?"

"Na mimi, mheshimiwa."

"Ulijua kwamba unaficha mvujo?"

Mwanasheria wa Ngozihai aliinama mbele. Skolastika alikuwa amejiandalia jibu refu, lenye historia na sababu, akaona aibu nalo. "Sikujua. Lakini mashine iliniambia kuna kitu, siku ya kwanza kabisa, na mimi nikatafuta njia ya kuifanya isiseme. Ngozihai walimwandikia Mhandisi Rweyongeza barua miaka minne iliyopita, wote wakanyamaza. Hayo ni yao, wataulizwa wao. Ya kwangu ni hayo niliyosema."

Kelele zililipuka. Bi. Lukindo aligonga meza mpaka zikapungua. Aliamuru askari aondoke kwenye kiti cha Otmari na gari la kumpeleka hospitali ya rufaa liitwe kabla hajamaliza sentensi inayofuata. Aliamuru barua ya miaka minne iletwe. Aliamuru hakuna lori litakaloondoka kabla dereva wake hajaelezwa na kukubali kwa mdomo wake. Kisha akamwambia Skolastika aweke muhuri wake wa ukaguzi mezani na asitoke Makambako mpaka atakapoitwa. Skolastika aliutoa mfukoni, akauweka. Alikuwa ametarajia kujisikia mwepesi, kama watu wanavyosema. Hakujisikia hivyo.

"Jambo la mwisho," alisema jaji. "Madereva wote waliobeba makasha haya tangu mwanzo wapimwe, na waliokwisha kuacha kazi watafutwe. Nitahitaji majina. Mnayo?"

"Tunayo," Skolastika alijibu haraka. Hilo angalau alikuwa na hakika nalo. Kumbukumbu za kituo chake zilisifiwa nchi nzima. Akafungua kompyuta iliyokuwa mezani, akaanza na mwaka wa kwanza. Namba ya kasha. Saa ya kufika. Joto la ngozi. Unyevu wa ngozi. Muda wa kupumzika. Jina la aliyelifunika blanketi. Aina ya blanketi. Kiasi cha maji. Akasogeza kulia, ukurasa ukaisha. Akafungua mwaka wa pili, wa tatu, wa saba. Alitafuta neno "dereva" katika kumbukumbu zote za miaka kumi na moja, na kompyuta ikamjibu kwamba hakuna.

"Mama Nyagawa?"

Hakuweza kuinua uso. Walikuwa wameandika hata aina ya blanketi. "Sina, mheshimiwa," alisema. "Hatukuwaandika."

Hakuna aliyemzomea, na angetamani wamzomee. Nyuma yake alisikia magurudumu yakisukumwa sakafuni. Otmari alikuwa amejisogeza mwenyewe hadi mezani, gari la hospitali likiwa limeshafika nje, mhudumu akimsihi waondoke. Alimkatalia kwa mkono. Hakumtazama Skolastika usoni. Alitazama vidole vyake juu ya kompyuta.

"Andika," alisema kwa sauti iliyobaki. "Deusi Mligo, lori la Ludewa. Tulimzika mwaka juzi. Tuliambiwa ni koo."

Skolastika akaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, kaka."

"Nisomee nisikie."

Akamsomea, jina lote, na lori, na mwaka. Otmari alisikiliza akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa kukubali, kisha akameza mate kwa shida.

"Haya. Wa pili."